Mshono Chini ya Kapeti

Sehemu ya tano

Dada mmoja wa Nyakato amenitumia ujumbe wiki hii akinitukana. Anasema mtu aliyetapeliwa huenda polisi, haendi gazetini. Nimemwelewa. Ila huyo dada hakusoma pale nilipoeleza kwamba karatasi ya mauziano niliisaini mwenyewe bila kuisoma, na ndani yake yaliandikwa maneno haya: "Gari limeuzwa kama lilivyo na mnunuzi ameridhika." Ningeenda polisi ningechekwa tu.

Kwa mnaoanza leo, nawapa kwa ufupi. Naitwa Rebeka Maige. Miaka karibu mitatu iliyopita baba yangu, Mzee Maige wa Kayenze, alinikabidhi ng'ombe nane niwauze ninunue gari dogo la biashara, na baada ya mwaka nimrudishie ng'ombe kumi. Nikaenda kwenye yadi ya mzee mmoja anaitwa Rutashobya. Shati jeupe, sauti ya taratibu kama padri. Akachukua karatasi akanichorea hesabu ya magari madogo: mafuta, tairi, oil, bima. Vitz ikashinda. Nikanunua Vitz ya bluu.

Mwezi wa nne tangu nilinunue, giaboksi ikafa. Fundi Ngosha wa Buhongwa alipoinua kapeti ya nyuma, tukaona mshono wa kuchomelea umekatiza kutoka mlango hadi mlango. Nilikuwa nimeuziwa magari mawili yaliyopata ajali, mbele ya hili, nyuma ya lile, yakaunganishwa kwa moto na kupakwa rangi. Na kilomita zilikuwa zimerudishwa nyuma. Nikamwachia Ngosha gari hilo kwa bei ya chuma chakavu.

Tangu siku hiyo baba hakuitikia shikamoo yangu. Miaka miwili! Naingia uani, napiga magoti, nasema "Shikamoo baba," naye anaangalia ng'ombe waliobaki. Jamani, kutukanwa ni nafuu. Anayekutukana walau amekuona.

Nyumbani sikumtaja aliyeniuzia. Niliona aibu. Basi nikabaki nataka vitu viwili tu duniani: baba aseme marahaba, na Rutashobya alie. Leo naungama jinsi nilivyovitafuta vyote viwili.

*

Nina kibanda cha spea Buzuruga, jirani na stendi. Plagi, filta, bushi, pedi za breki. Nilianza na meza moja. Magari nilijifunza kwa hasira, maana kila kilichokufa kwenye Vitz yangu nilikijua jina lake, bei yake na muda wake wa kuishi.

Mwezi wa sita akaja kijana mrefu, mpole, shati amechomekea. Akanunua wipa mbili. Hakuondoka.

"Dada, samahani. Nataka gari dogo. Nimeambiwa wewe husemi uongo."

"Umeambiwa na nani?"

Akatabasamu. "Na mtu anayekuamini."

"Gari la kwako?"

"La mzee mmoja. Anakaa nje ya mji. Limpeleke kliniki, limbebee mahitaji. Nataka gari lisilosumbua watu."

"Una shilingi ngapi?"

"Milioni tisa. Kumi nikijikaza."

Nikamvutia kigoda. "Kaa. Bei ya kununua usiulize kwanza, uliza ya kukaa nalo. Watu wanahangaika na milioni tisa za siku moja, halafu laki mbili mbili za kila mwezi zinawatoa roho."

Nikachana karatasi kwenye daftari, nikapiga mistari, nikapata safu tatu. Passo, Vitz, IST. Naapa, hadi hapo nilikuwa na moyo mweupe kabisa. Nilikuwa nampenda kijana yule kwa jinsi alivyouliza.

"IST ni gari zuri. Lina nafasi, na siku ukitaka kuliuza halikai sokoni. Ila kwa hela yako utapata lililochoka. Injini kubwa kidogo, mafuta yatakwenda. Tairi kubwa kidogo, bei nayo inapanda."

"Na Passo?"

"Inakunywa kidogo, kwenye lami utaifurahia. Huko kwa mzee lami inafika?"

"Haifiki. Mawe matupu."

"Watapanda wangapi?"

"Mzee, mama, na magunia mawili siku ya mnada."

"Basi mimi ningechukua Vitz." Nikaanza kuandika. "Ukiwa na mguu mwepesi, lita moja unatembea kilomita kumi na sita, kumi na saba. Service ya kawaida, oil na filta, haikuumizi. Pedi za breki utazipata hata Magu. Spea mpya zipo, zilizotumika zipo. Na hakuna fundi Mwanza hii ambaye hajawahi kuifungua."

"Bima?"

"Bima ndogo zote tatu hazipishani sana. Usiikose tu."

Alisikiliza kama mwanafunzi. Akauliza kuhusu shokapu, akauliza tairi hudumu muda gani kwenye mawe. Kisha akatoa simu alipie wipa zake.

Simu yangu ikalia. Nikasoma. Umepokea shilingi elfu kumi na nane kutoka kwa PROJEST RUTASHOBYA.

Nikasoma tena.

"Rutashobya," nikasema. "Wa yadi?"

Akainamisha kichwa. "Ni baba. Ila kwa baba sinunui gari, dada. Mimi mwanawe namjua."

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu. Mtoto wa Rutashobya amekaa kwenye kigoda changu, ananiomba nimchagulie gari! Miaka miwili nimepiga magoti kwa mtu asiyeitika, na yeye kipindi chote hicho anakula, analala, anachomekea shati. Mungu anisamehe, nilimchukia kwa dakika moja kuliko nilivyomchukia baba yake kwa miaka miwili.

Sikufuta neno hata moja kwenye karatasi ile. Dhambi yangu ni hii, wala si nyingine. Yote niliyoandika yalikuwa ya kweli. Niliongeza mstari mmoja tu chini:

"Kuna Vitz nyeupe kwa fundi Ngosha, Buhongwa. Hii naijua mwenyewe. Utazeeka nayo."

Nikasaini, nikapiga na muhuri wa duka.

Nyeupe ile ilikuwa bluu yangu. Ngosha alikuwa ameifunga giaboksi ya gari jingine, akaipaka rangi, akavika viti vitambaa vipya. Na mimi nikafanya kama nilivyofanyiwa. Nilisema kweli yote ya magari ya aina ile, nikanyamaza kuhusu gari lenyewe.

"Asante sana, dada," Projest akasema. Akaikunja karatasi vizuri akaitia mfuko wa shati. "Sitausahau wema huu."

"Nenda kesho mapema," nikamwambia. "Zuri halikai."

Siku ya pili Ngosha akapiga simu.

"Rebeka, yuko kijana hapa ana karatasi yako. Anataka ile nyeupe. Umemwambia?"

"Nimemwambia yote ya Vitz."

"Nakuuliza habari ya mshono."

"Amekuuliza mshono?"

"Hajauliza."

"Muuzie."

Ngosha ni mtu mzima, ana watoto. "Lile gari lilikuliza wewe mwenyewe," akasema.

"Ndiyo maana nalijua. Muuzie, Ngosha."

Mchana huo nilinunua sato mzima wa kukaanga, na ugali wa muhogo, nikala peke yangu nikamaliza. Nilitaka gari lile limle mtoto wa Rutashobya kidogo kidogo. Mwezi huu bushi, mwezi ujao rejeta, mwezi wa tatu giaboksi, mpaka aende kulia kwa baba yake. Na baba yake ainue kapeti, akutane na mshono wake. Nilijiambia mshono umeshika miaka yote hiyo, utashika tena. Sikutaka mtu aumie mwili. Niliutaka mfuko wake tu, na usingizi wake. Ndivyo nilivyojiambia, na sato alikuwa mtamu.

*

Mwezi wa nane akanipigia mdogo wangu Mhoja, yule muuguzi anayefanya kazi Bukoba.

"Dada, naolewa. Mahari yanakuja nyumbani Jumamosi. Uje."

"Baba amesema nije?"

"Baba hakusema usije."

Nikacheka kwa uchungu. "Na huyo mume?"

"Ni Mhaya. Utamwona. Alitaka kuja kujitambulisha kwako zamani, nikamwambia subiri kwanza mahari yafike nyumbani, ndiyo adabu. Anakuheshimu sana, dada."

Wahaya wamejaa Mwanza na Bukoba. Sikuuliza la ukoo.

"Ng'ombe wangapi?"

"Wanne."

"Wanne tu! Baba huyu huyu amekubali wanne?"

"Na kitu kingine. Amekitaka mwenyewe. Njoo utakiona."

Jumamosi saa nane mchana nilikuwa Kayenze. Nilifika uani, nikapiga magoti mbele ya kiti cha baba. "Shikamoo baba." Akamwuliza jirani yake kama ng'ombe wameshafika. Nikainuka nikaenda kukaa na wanawake.

Kwetu ng'ombe wa mahari hawapokelewi kwa kuangaliwa kwa mbali. Mtu mmoja wa ukoo anayejua mifugo huwakagua mbele ya pande zote mbili. Meno, macho, kwato, mwendo. Akisema "amepita", basi, hata akifa kesho ni wetu. Akisema hajapita, anarudi na waliomleta, na aibu ni yao. Kwetu kazi hiyo ni ya Baba mdogo Obedi, na hana huruma. Siku ile alimkataa mtamba mmoja kwa jicho lenye ukungu. Wakwe walikuwa wamekuja na wa akiba, wakabadilisha, wote wanne wakapita. Vigelegele.

Kisha nikasikia honi.

Gari likaingia kupitia mwanya wa ua wa minyaa, limefungwa riboni nyekundu kwenye boneti. Vitz nyeupe. Projest Rutashobya yuko kwenye usukani, meno yote nje. Na kutoka kwenye gari la wakwe lililokuwa nyuma yake akateremka mzee wa shati jeupe.

Nilibaki nimekaa na wanawake.

Baba akasimama yeye. "Wakwe zangu," akasema, "ng'ombe wangu nane waliondoka hapa wakawa gari, na gari likapotea. Nikamwambia mshenga, hao nane nawataka warudi kwa njia ile ile. Waje wakiwa gari."

Watu wakapiga makofi. Mhoja akaja kunishika mkono, machozi yanamtoka kwa furaha.

"Nilikuficha makusudi," akaninong'oneza. "Nilimtuma kwako achague gari. Nilitaka baba ajue kuwa ng'ombe wake wamerudi kwa mkono wako."

Projest naye akaja, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo dada. Utanisamehe. Mahari yalikuwa hayajafika."

Nilikuwa namwangalia baba yake. Rutashobya alikuwa amesimama mbele ya gari, anasoma namba. Rangi inabadilishwa, viti vinabadilishwa, lakini namba ni zile zile. Akalizunguka polepole. Alipoinua macho yakakutana na yangu.

Baba mdogo Obedi akalipiga gari fimbo kwenye tairi. "Mimi najua kufungua mdomo wa ng'ombe," akasema. "Hili mdomo wake uko wapi?"

Watu wakaangua kicheko.

"Kwenye ukoo huu anayejua haya ni mmoja," akaendelea. "Kaka, mwite mwanao akague."

Baba akakohoa.

"Rebeka," akasema.

Sikuwa nimelisikia jina langu kinywani mwake kwa miaka miwili. Nikaenda. Nikapiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, gauni jipya na yote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa sauti mbele ya wakwe, na wanawake wakanipigia vigelegele wakidhani ni furaha tupu. Ilikuwa furaha. Na ndani yake kulikuwa na kitu kinaninyonga.

"Kagua," baba akasema. "Ukisema limepita, neno la ng'ombe nane limekwisha kati yangu na wewe. Hatutalitaja tena."

Nikafungua boneti, nikafunga. Nikaenda pembeni, nikafungua mlango wa nyuma, nikaingiza mkono nikainua kapeti. Mshono ulikuwa pale pale. Ngosha alikuwa ameupaka rangi nyeupe, na rangi ilishaanza kupasuka kwenye ncha.

Rutashobya akaja akainama pembeni yangu, kama mtu anayekagua na yeye.

"Hili gari," akanong'ona.

"Ni la kwako. Limekufuata."

"Nani kamuuzia mwanangu?"

"Karatasi. Kama ile uliyonichorea mimi."

Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye kola. "Mwanangu hajui kitu, mama."

"Na baba yangu hakujua kitu."

"Nisikilize. Sema limepita. Wiki ijayo nitaleta jingine, zima, nitalichagua mwenyewe. Ukinivua nguo hapa, na wewe utakuwa uchi. Mdogo wako anatuangalia."

Nilimtazama vizuri mzee yule. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Miaka miwili niliota midomo ile itetemeke! Na nitasema kweli, nilifurahi. Nilitaka nisimame nipaze sauti, nimtaje mbele ya wakwe, na mbele ya kijana wake, abaki hana mahali pa kuweka macho. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

Mlango wa mbele ukafungwa kwa kishindo.

Baba alikuwa ameingia kwenye gari. Amekaa kiti cha mbele, kofia magotini, fimbo katikati ya miguu. "Mmechelewa," akasema dirishani. "Ng'ombe wa mahari lazima wakanyweshwe ziwani ndipo wawe wa boma hili. Na huyu naye twende akaone maji."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mhoja akaruka akaingia kiti cha nyuma, juu ya mshono ule ule. Sikujua alikuwa mwepesi hivyo.

Nikaiangalia njia. Kutoka bomani kwetu mpaka wanaponywesha ng'ombe ni mteremko mtupu, mawe kulia na kushoto, kona mbili, halafu maji. Furaha yote ikanitoka nikabaki baridi.

Nikaenda dirishani. "Baba, teremka. Gari hili halijapita."

Vicheko vikakatika.

"Unasemaje?"

"Halijapita. Ni bovu. Teremka, baba. Mhoja, shuka."

"Limepita!" Sauti ya Rutashobya, ile ya padri, ilitoka nyuma yangu, kubwa, imetulia, kana kwamba si yule aliyekuwa anatetemeka. "Mzee mwenzangu, mimi nina yadi mwaka wa ishirini huu. Nimelikagua sasa hivi mbele yenu wote. Gari ni zima. Binti yako ana kinyongo cha zamani na mimi, ndicho kinachosema."

"Kinyongo gani?" baba akauliza.

"Aulizwe mwenyewe."

Projest alikuwa amesimama na ufunguo mkononi, anatuangalia mmoja mmoja. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi. Alikuwa ameitunza muda wote huo kama cheti cha ubatizo.

"Dada," akasema kwa upole, "si wewe uliyeniandikia?" Akaisoma kwa sauti mbele ya ukoo mzima. Mafuta. Service. Pedi za breki mpaka Magu. Spea zipo. Akafika chini. "'Hii naijua mwenyewe. Utazeeka nayo.' Rebeka Maige."

"Mwandiko ni wa nani?" baba akauliza.

"Wangu."

"Ulisema uongo siku ile, au unasema leo?"

"Siku ile, baba."

Mhoja akatoa kichwa dirishani. "Dada, ulijua ni mume wangu?"

"Sikujua ni wako. Nilijua ni mtoto wa huyu mzee. Huyu ndiye aliyeniuzia gari lililokula ng'ombe. Na gari lenyewe ndilo hili."

"Kwa hiyo ulitaka afe?"

"Nilitaka ateseke."

Nilisema hivyo hivyo, mbele ya watu. Mama mmoja wa upande wa wakwe akasema "Yesu wangu," na Mhoja akarudisha kichwa ndani. Hakushuka.

"Baba, inua kapeti ya nyuma," nikasema. "Usiniamini mimi. Inua uone mwenyewe."

"Nimechoka kuonyeshwa vitu na wewe, Rebeka." Baba hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga ile fimbo. "Nane wa kwanza ulinilia. Leo nane hawa wamerudi, umekuja kunilia mbele ya wageni."

"Baba..."

"Ile marahaba niliyokupa, nirudishie."

Akageuka akatazama mbele. "Projest, mwanangu. Washa twende."

Kijana hakwenda moja kwa moja. Alimkabili baba yake, ana kwa ana. "Baba. Mimi nakujua. Unaapa hapa, mbele ya wakwe, kwamba gari hili ni zima?"

Rutashobya aliangalia watu, akaangalia ng'ombe wanne, akaangalia riboni nyekundu.

"Naapa," akasema.

Projest akaingia, akawasha. Nilishika mlango, Baba mdogo Obedi akanibandua vidole kimoja kimoja. Gari likatoka kwenye mwanya wa minyaa, likaanza kuteremka, na wanawake wawili watatu wakapiga vigelegele vya kulazimisha.

Tulibaki tumesimama pamoja, mimi na Rutashobya, kama watu waliokuja pamoja. Nilikuwa nahesabu moyoni: mshono umeshika miaka yote hiyo, utashika na leo. Mshono umeshika, utashika.

"Huyo fundi wako," Rutashobya akasema bila kuniangalia, "alibadilisha nini na nini?"

"Giaboksi. Na rangi."

"Na bomba la mafuta ya breki? Lile linalopita juu ya mshono, kwenda nyuma?"

"Bomba gani?"

Kule chini gari lilifika kona ya kwanza. Taa nyekundu za nyuma zikawaka, likapunguza mwendo, likakata kona vizuri. Likaonekana tena likielekea kona ya pili, ile ya majini. Taa nyekundu zikawaka. Gari halikupunguza.

Nilikuwa bado sijaelewa ninachokiona. Rutashobya ndiye aliyeanza kukimbia.